Mkonge Chotara Namba 11648: Jinsi ya Kuuzalisha na Kuutunza Katika Shamba Dogo

Karatasi hii imeandikwa kwa ajili ya mkulima mwenye eka mbili au tatu, atakaye kupanda mkonge kwa faida yake na ya nyumba yake. Maneno yamewekwa kwa taratibu ya kazi yenyewe, tangu kuchagua mche hata kukata jani, ili msomaji apate kuirudia kila msimu na kuona lililompasa kufanya.

Yapasa kwanza kufahamu tofauti moja kubwa. Mkulima wa mahindi akikosea mwaka huu, mwakani hupanda tena, na kosa lake limekwisha. Mkulima wa mkonge hana nafasi hiyo. Mche aliouweka ardhini leo atakaa nao miaka 10 na zaidi. Ukiwa mbovu, atapalilia ubovu, atakata ubovu, na mwisho wake atang'oa ubovu. Basi siku za kuchagua mche na kutengeneza udongo ndizo siku za thamani kupita zote, japokuwa ndizo siku ambazo watu wengi hufanya haraka.

1. ASILI YAKE

Mkonge si mmea wa asili ya Afrika. Kwao ni Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Richard Hindorf aliagiza vikonge 1,000 kutoka Florida, katika Marekani. Safari ilikuwa ndefu, vingi vikafa njiani, na vilivyosalia hai vikapandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62 tu. Kutokana na mbegu hiyo ndogo ulianza ukulima wa mkonge wa Tanganyika, ulioujaza mkoa wa Tanga mashamba na kuleta watu wa makabila mengi kufanya kazi humo.

Mkonge huo wa kwanza ni mzuri, lakini una upungufu mmoja. Ukiisha kutoa majani 200 au 250 hupiga mlingoti na kufa. Kwa hiyo wataalamu walitafuta mkonge utakaotoa majani mengi zaidi kabla ya kufa. Kazi ya kuchanganya mbegu ilianza katika kituo cha Amani, katika milima ya Usambara, miaka ya 1930, na baadaye ikaendelezwa Mlingano, wilaya ya Muheza. Walichukua mkonge wa buluu, ambao ulipewa jina la Amani kwa kuwa ndiko ulikotambuliwa, wakauchanganya na mkonge mwingine uitwao angustifolia, ambao una majani mengi mno lakini ni mafupi. Kisha mtoto wao akachanganywa tena na mkonge wa buluu, ili arithi urefu wa jani na ulaini wa pembe zake. Katika maelfu ya miche iliyopatikana, mmoja ulishinda wenzake, nao ulikuwa umeandikwa katika daftari kwa namba 11648. Mpaka leo huitwa kwa namba hiyo. Mwaka 1963 ulipelekwa China, na huko ndio mkonge unaolimwa zaidi.

2. UMBO NA TABIA YAKE

Mmea huu hauna matawi wala shina refu. Majani yote hutoka katika kisiki kimoja kifupi, yakajipanga duara, moja juu ya jingine, mfano wa ua la waridi lililochanua. Katikati husimama moyo uliochongoka kama mkuki. Huo ndio utoao majani mapya. Rangi ya majani ya chotara huelekea buluu ya kijivu, nayo yamepakwa unga mweupe kama nta. Pembe zake ni laini, hazina miiba kama ya nanasi, lakini kila jani lina mwiba mmoja mkali katika ncha.

Katika maisha yake chotara huyu aweza kutoa majani 500 hata 600, na majani hayo hubanana sana kisikini. Hii ndiyo faida yake kubwa. Kisiki kimoja hufanya kazi ya viwili.

Majani ni manene kwa kuwa ni ghala ya maji. Tena mmea huu una desturi isiyo ya mimea mingi. Matundu madogo ya majani yake hufunguka usiku ili kuvuta hewa, na wakati wa jua kali hufungwa ili maji yasipotee. Kwa sababu hiyo mche uliong'olewa waweza kukaa kivulini majuma kadhaa bila kufa. Lakini mkulima asidanganyike. Mmea uwezao kustahimili kiu hauwezi kustahimili maji yanayotuama. Mkonge chotara huuawa na maji mara nyingi zaidi kuliko na jua.

3. KABLA YA KUPANDA: FIKIRI HABARI YA KINU

Katika kilo 100 za majani mabichi hupatikana kilo 3 hadi 5 za nyuzi kavu. Zilizobaki ni maji na makapi. Tufanye hesabu kwa kilo 4. Ili kupata tani 1 ya nyuzi, hapana budi kukata na kuchukua tani 25 za majani mpaka kwenye korona. Tena majani hayo hayangoji. Yakikaa juani siku nyingi, utomvu hukauka, nyuzi hushikamana na nyama ya jani, na kinu hakiwezi kuzitenga vizuri. Yafaa yasagwe siku ile ile yaliyokatwa, au siku ya pili yake.

Kwa hiyo mtu asipande eka hata moja kabla hajapata majibu ya maswali haya: Korona iliyo karibu iko umbali gani? Je, njia hupitika wakati wa masika? Nani atalipa gari la kuchukua majani? Mkulima mdogo atapewa zamu siku gani, na je, zamu hiyo itafuatwa hata wakati mashamba makubwa yana majani mengi? Malipo yatakuwa kwa uzito wa majani au kwa uzito wa nyuzi, na nani atashuhudia mizani? Majibu haya yaandikwe na kutiwa sahihi. Wakulima wengi walio shirikani hupata masharti mema kuliko mmoja mmoja. Mtu aliyekwisha kupanda hana nguvu ya kupatana bei, kwa maana majani yake hayawezi kusafiri kwenda kutafuta mnunuzi mwingine.

Ambaye hana korona karibu naye, afadhali apande mistari michache mpakani mwa shamba. Itamfaa kwa ua wa kuzuia ng'ombe, na kwa nyuzi za kuparuza kwa mkono za kusokota kamba za nyumbani.

4. UDONGO NA MAHALI

Mkonge hupenda udongo mwekundu ulio mwepesi, wenye chokaa, usiotuamisha maji. Udongo wenye ukali mwingi huudhoofisha, na hapo yafaa kutia chokaa kwanza. Mvua ya milimita 1,000 hadi 1,250 kwa mwaka yatosha sana. Hata penye mvua chache zaidi mmea huishi, ila hukua polepole.

Kuchagua mahali, fanya hivi. Wakati wa masika, baada ya mvua kubwa, tembea katika shamba lako siku ya pili asubuhi. Palipo na dimbwi bado, tia alama ya vijiti. Mahali hapo pasipandwe chotara kamwe. Panda mtama au nyasi za mifugo. Au ukitaka mkonge tu, panda ule wa kawaida, ambao hustahimili maradhi ya maji kuliko chotara. Mteremko mdogo ni mzuri, lakini mistari ikingame mteremko, udongo usichukuliwe na mvua.

5. JINSI YA KUPATA MICHE

Jambo la kwanza la kukumbuka ni hili: chotara hauzalishwi kwa mbegu. Mbegu ikiokotwa na kuoteshwa, watoto hawatafanana na mama. Mmoja atakuwa mfupi, mwingine atakuwa na miiba pembeni, mwingine atarudi kwa babu yake. Anayetaka chotara halisi hana budi kuchukua kipande cha mmea wenyewe. Kuna njia tatu.

(a) Vikonge vya mlingotini. Mmea ukiisha kuzeeka hutoa mlingoti mrefu wenye matawi na maua. Maua yakiisha kuanguka, katika matawi yale huota vikonge vidogo vyenye majani machache na mizizi midogo. Hivi ndivyo miche bora kwa mkulima, kwa sababu mlingoti mmoja hutoa vikonge mamia kwa mamia, vyote vya umri mmoja. Chagua vile vyenye urefu wa sentimeta 10 au zaidi. Vilivyoanguka siku nyingi vikanyong'onyea, viache.

(b) Maotea. Haya ni machipukizi yatokayo ardhini kando ya mama, katika mzizi utambaao. Yaweza kutumika, lakini hayalingani umri wala ukubwa, na shamba lililopandwa maotea halikomai kwa pamoja. Tena kama mama ana maradhi ya kisiki, mtoto huyachukua. Maotea yasipelekwe shambani moja kwa moja. Yapitie kitaluni kwanza, yapangwe kwa ukubwa wake.

(c) Kuua moyo wa mama. Njia hii yamfaa mkulima aliyepata miche michache tu na anataka kuiongeza upesi. Mmea hutoa majani kwa moyo wake mmoja, na moyo huo ukiwa hai, macho yaliyojificha kati ya majani hulala. Moyo ukifa, macho huamka. Chagua kitaluni miche minene, isiyo na doa lolote. Siku ya jua, chukua chuma chembamba chenye ncha kali, kitoboe katikati ya moyo mpaka kifike kisikini, ukizungushe ili ncha ya kukua iharibike. Usitoboe siku ya mvua, maji yasije yakaingia katika jeraha. Baada ya miezi michache watoto watachomoza pande zote kati ya majani. Mtoto akifika sentimeta 25 au 30, mkate kwa kisu kikali karibu na kisiki, mweke kivulini siku kadhaa mpaka jeraha likauke na kufanya gamba, kisha mpande kitaluni. Mama ataendelea kutoa watoto wengine kwa zamu. Kisu kipitishwe motoni kila unapohama kutoka mama mmoja kwenda mwingine.

Kabla ya kuchukua mche kwa mtu yeyote, nenda ukamtazame mama yake shambani. Mama awe na majani mengi, marefu, yasiyo na milia wala mabaka, na kisiki kigumu kisichonuka. Usinunue miche iliyoletwa sokoni katika magunia, ambayo hujui imetoka wapi. Shilingi chache zilizopungua katika bei ya mche ndizo ziletazo hasara ya miaka 10. Katika kituo cha utafiti cha Mlingano yaweza pia kuulizwa habari ya miche safi.

6. KITALU

Mkulima wa eka moja anahitaji miche 2,000 hivi ya kupanda. Aweke kitaluni 2,400, ili mibovu na mifupi iachwe bila huruma. Nafasi katika kitalu ni sentimeta 50 kati ya mistari na sentimeta 25 kati ya miche. Kwa hesabu hiyo miche 2,400 hutaka mahali pa meta 20 kwa meta 15, pasipo kuhesabu njia za kupitia.

Chagua mahali penye jua, udongo mzuri, na maji karibu ya kunyunyizia majuma ya kwanza. Lima, ondoa magugu yote yenye mizizi itambaayo, kisha inua matuta, maji yasikae. Tia samadi iliyooza vizuri, au makapi ya korona yaliyokwisha kuoza kabisa. Makapi mabichi yasitumike kitaluni.

Panga vikonge kwa ukubwa: vikubwa tuta lake, vidogo tuta lake. Vikichanganywa, vikubwa huwanyima vidogo jua. Panda kijuujuu, kiasi cha kikonge kusimama tu. Udongo usiingie katika moyo; ukiingia, moyo huoza. Palilia mara kwa mara, kwa maana kosa la kitalu ni kosa la magugu.

Miche hukaa kitaluni miezi 12 hadi 18, mpaka iwe na urefu wa sentimeta 30 au 40 na kisiki kinene. Mtu mwenye haraka huhamisha kikonge cha miezi sita akidhani ameokoa mwaka. Hakuokoa. Mche mdogo shambani husongwa na majani, huliwa na wadudu, na hukatwa nyuma ya wenzake.

7. KUHAMISHA NA KUPANDA

Ng'oa miche wakati wa ukavu. Kata mizizi ya zamani karibu na kisiki, kwa kuwa mizizi hiyo haitafanya kazi tena na mipya itatoka yenyewe. Ondoa majani makavu ya chini. Tazama kisiki cha kila mche: chenye tundu la mdudu, chenye rangi nyekundu ndani, au chenye kunuka, kichomwe moto. Miche mizima ikae kivulini siku chache, majeraha yakauke, ndipo ipandwe.

Wakati mwema wa kupanda ni mwanzo wa mvua, si katikati ya masika, wakati ardhi imelowa kabisa.

Panda mistari miwili miwili. Kati ya mistari ya pacha iwe meta 1; kati ya pacha na pacha iachwe njia ya meta 4; na katika mstari mche hata mche iwe sentimeta 80. Miche ya mistari pacha isitazamane, bali mmoja uelekee nafasi ya wenziwe wawili. Kwa nafasi hizi eka moja hubeba mikonge 2,000 hivi. Njia ya meta 4 si ardhi iliyopotea, kwa maana ndimo watakamopita wakataji na matita yao, na ndimo yatakamopandwa mazao ya chakula.

Shimo lisiwe refu. Mche usizame kupita alama uliyokuwa nayo kitaluni. Shindilia udongo kwa mguu mpaka mche usimame imara, na pembeni udongo uinuliwe kidogo ili maji yakimbie kisiki.

8. PALIZI NA MAZAO YA KATI

Miaka miwili ya kwanza ndiyo iamuayo habari ya shamba. Mkonge mchanga ukifunikwa na majani hudumaa, na hata ukipaliliwa baadaye hauwapati wenzake. Mizizi ya mkonge hukaa juu juu, kwa hiyo karibu na mmea palizi iwe ya kuparuza, jembe lisichimbe.

Katika njia ya meta 4 mkulima aweza kupanda maharage, kunde, choroko au karanga, na hayo hurudisha nguvu ya udongo. Mahindi pia yaweza kupandwa mwaka wa kwanza, lakini yakae mbali na mkonge yasiutie kivuli. Acha meta 1 wazi kila upande. Mazao haya ni jambo kubwa kwa mkulima mdogo, kwa maana mkonge hautampa senti mpaka mwaka wa pili au wa tatu, na watoto hawawezi kungoja. Tena asiigeuze ardhi yake yote kuwa mkonge. Nyuzi haziliwi, na bei yake hupanda na kushuka kwa mambo yanayotendeka mbali na kijiji.

9. NGUVU YA UDONGO

Watu husema mkonge hauhitaji mbolea, kwa sababu wameuona ukiota penye mawe. Ni kweli huota, lakini huchukua. Kwa kila tani ya nyuzi inayotoka shambani, mmea umekwisha kuvuta kilo 30 hivi za naitrojeni, kilo 60 na zaidi za potasiamu, na chokaa nyingi. Shamba likikatwa miaka mingi bila kurudishiwa kitu, majani huwa mafupi, na penye njaa ya potasiamu jani hufanya ukanda wa kahawia karibu na shina, likalegea na kuvunjika hapo.

Dawa yake yapatikana. Makapi ya korona yana sehemu kubwa ya vitu hivyo. Mkulima apatane ili gari lililopeleka majani lirudi na makapi yaliyooza, yatandazwe katika njia. Majivu ya mekoni na samadi pia vina faida. Lakini asitie samadi mbichi kisikini.

10. MARADHI NA WADUDU

Yapasa kusema kweli bila kuficha: chotara hushinda mkonge wa kawaida kwa wingi wa majani, lakini hushindwa kwa maradhi ya kuoza. Tena mimea yote ya chotara ni kama mapacha waliotoka katika mmea mmoja. Ugonjwa unaoweza kuua mmoja waweza kuua yote.

Ugonjwa wa milia. Huu ndio adui mkuu. Huletwa na kuvu aishiye udongoni na kusafiri kwa maji. Jani hupata baka lenye duara nyingi, zambarau na kijani zikifuatana, mfano wa milia ya punda. Baadaye moyo huoza na kuchomoka ukivutwa kwa mkono, na kisiki nacho huoza ndani. Katika China ugonjwa huu umeleta hasara kubwa katika mashamba ya chotara huyu huyu. Uonapo mmea wa namna hiyo, usingoje. Ng'oa pamoja na udongo wa mizizi, uchome, na mahali pake pasipandwe tena msimu huo. Chimba mfereji upunguze maji. Usikate majani penye ugonjwa wakati wa mvua, kwa kuwa kila jeraha la kisu ni mlango wazi. Ukimaliza sehemu yenye ugonjwa, safisha visu na viatu kabla ya kwenda penye uzima.

Kuoza kisiki. Kuna kuvu mwingine, mweusi, aingiaye katika vikonyo vya majani yaliyokatwa na kuozesha kisiki. Ukataji safi wakati wa ukavu ndio kinga.

Fukusi wa mkonge. Ni mdudu mweusi mwenye mdomo mrefu. Mtu mzima hutoboa majani ya moyo. Funza wake hula kisiki. Huzaliana katika visiki vizee vilivyoachwa kuoza, kwa hiyo shamba la kale likiisha, visiki vikatwekatwe, vikaushwe na kuchomwa kabla ya kupanda miche mipya. Vipande vya kisiki kibichi vikiwekwa kati ya mistari, fukusi hujikusanya hapo. Wafukuliwe kila asubuhi na kuuawa.

11. KUKATA MAJANI

Mkonge uliotunzwa vema huwa tayari kwa mkato wa kwanza baada ya miaka miwili hadi mitatu, majani ya chini yafikapo sentimeta 60 au zaidi na kuanza kulala. Kata kwa kisu kikali, karibu na kisiki, kuanzia chini kwenda juu. Acha majani 20 hadi 25 ya juu. Majani hayo ndiyo jiko la mmea, na anayeyakata ili aongeze mzigo wa leo anaula mzigo wa mwaka ujao. Baada ya hapo mkato mmoja kwa mwaka watosha, kwa zamu iliyopatanwa na korona. Chagua majuma ya ukavu.

Kata kwanza mwiba wa ncha, ndipo ulikate jani. Miiba hii imewapofusha watu macho. Watoto wasitumwe kazi hii. Utomvu huwasha ngozi, kwa hiyo mkataji avae nguo za mikono mirefu na kunawa baada ya kazi. Majani yafungwe matita yenye idadi moja, ili hesabu iwe nyepesi mbele ya mpokeaji.

12. MLINGOTI NA MWISHO WA SHAMBA

Moyo ukianza kutoa majani mafupi na kunyanyuka upesi, mmea unajitayarisha kupiga mlingoti. Ukishachanua haurudi tena. Hutoa vikonge na kufa. Mikonge mizuri kupita yote iachwe itoe vikonge vya kitalu kipya. Mingine milingoti yake ikatwe, nayo yafaa kwa kujengea mabanda. Mkulima mwenye busara huanza kitalu miaka miwili kabla ya shamba kuisha, ili siku ya kung'oa visiki vizee awe na miche tayari.

MANENO YA KUKUMBUKA

Usipande kabla ya kupatana na korona kwa maandishi.
Usipande chotara penye maji yanayotuama.
Usioteshe mbegu, chukua vikonge vya mama uliyemwona kwa macho yako.
Mche ukae kitaluni mwaka mzima au zaidi.
Panda kijuujuu, mwanzo wa mvua, majeraha yakiwa yamekauka.
Palilia sana miaka miwili ya kwanza, na panda chakula katika njia.
Mmea wenye milia uchomwe siku ile ile.
Ukikata, acha majani 20 na zaidi.

Mwenye shaka juu ya jani au kisiki achukue kipande chake, akifunge katika karatasi, akakionyeshe kwa Bwana Shamba mapema. Ugonjwa ulioonyeshwa ukiwa katika mmea mmoja hugharimu mmea mmoja. Ulioonyeshwa baada ya masika mbili waweza kugharimu eka nzima.